Bi Mwenyeji na Njia ya Juu

Mtaani kwetu Kiponda palikuwa na bibi mmoja akiwatembeza watu mji bila ya kutia mguu njiani. Mtaa mzima ulimwita Bi Mwenyeji, nami nitamwita hivyo hivyo, kwa sababu jina lake mwenyewe hakupenda litajwetajwe hata alipokuwa hai. Alizaliwa wapi na wazee wake walishuka Unguja kutoka bara gani, sikuwahi kumuuliza. Kwangu mimi hilo ni ajabu, maana tangu utotoni nimepigwa kwa kuuliza. Lakini mtu aliyekuwa na mambo mengi kama yale ya kila siku, huna haja ya kuanza naye kwa babu zake.

Nilimjua miaka ya hamsini, mume wangu aliponileta mjini kutoka Makunduchi. Yeye alikuwa karani wa forodha, na tulipanga vyumba vya chini katika nyumba ya huyo bibi. Yeye mwenyewe alikaa juu, mjane, hana mtoto ila mpwa wake aliyemlea mpaka akaoa na kuhamia Malindi. Tulikuwa hatujamaliza hata kufungua mizigo niliposikia naitwa kutoka juu ya ngazi.

"We mtoto wa Makunduchi!"

"Naam, Bibi."

"Mji ushauona?"

Nikamjibu kwa fahari kwamba nimeuona. Nimepita Forodhani, nimepita Darajani, nimesimama chini ya Beit el Ajaib mpaka shingo ikaniuma, na milango ya nakshi nimeitazama mmoja mmoja.

Akacheka kicheko chake cha puani. "Basi umeona mbao. Vua viatu, upande juu."

Hapo ndipo nilipoanza kuutembea mji kama alivyoutembea yeye. Nyumba yake na ya shoga yake zilitazamana, na kichochoro kilichopita katikati kilikuwa chembamba, punda mwenye shehena alikijaza. Lakini huko juu nyumba hizo zilishikana kwa kidaraja kilichoezekwa, chenye mlango huku na mlango kule, na kijidirisha cha mbao cha kuchungulia wapita njia. Wazee walikijenga ili wanawake wa nyumba mbili waendeane bila ya kushuka. Ukivuka kidaraja unaingia kwa shoga yake, unapanda mpaka kwenye sakafu ya juu kabisa wanakoanika nguo na pilipili, unapita kwa ngazi fupi mpaka sakafu ya jirani wa Kibohora, unateremka kwake, unapita kwa mama wa Kingazija, na hivyo hivyo, mpaka unajikuta umefika karibu na Hurumzi na nyayo zako bado safi. Kila nyumba alipiga hodi kutoka juu, na kila nyumba ilimjibu karibu kabla hajamaliza.

Watu wakimletea wageni wao. Nasema wakimletea, kwa sababu ilikuwa ndiyo desturi ya mtaa. Jamaa akija kutoka Pemba au Mombasa, bibi harusi akiolewa mtaani kutoka ng'ambo yoyote, hapewi siku nyingi ila ataletwa kwa Bi Mwenyeji atembezwe. Mgeni njoo mwenyeji apone, wanasema watu. Yeye alikuwa akipona kweli. Asubuhi alikuwa akilalamika mgongo, kichwa na jino. Mgeni akitia mguu tu, maradhi yote yakahama.

Alikuwa na namna yake ya kutembeza. Hakukuonesha kitu kwa kidole. Alikusimamisha katika chumba, akakwambia ufumbe macho ushike ukuta, kisha akakuuliza, "Unasikia nini?" Ukisema husikii kitu, unakaa hapo hapo mpaka usikie. Mimi siku ya kwanza nilisikia ubaridi tu. Baadaye nikaanza kusikia kwamba ukuta wa mawe na chokaa una unyevu wake wa masika na ukavu wake wa kiangazi, na kwamba nyumba iliyohamwa ina harufu tofauti na nyumba ambayo watu wake wamelala mchana. Alinifundisha kwa nini vyumba vyetu vyote ni virefu na vyembamba: boriti za mikoko ndivyo zilivyo, haziwezi kufika mbali zaidi ya hapo. "Hata tajiri akitaka chumba kipana, mti unamwambia basi," alisema. Alipenda sana neno hilo, na akilitumia hata kwa mambo yasiyohusu nyumba, kama mtu akidai mahari kubwa.

Milango ile inayosifiwa dunia nzima, aliijua kwa upande wa ndani. Alijua upi unalia, upi komeo lake limekaa kombo, upi umetiwa kiraka cha mbao ya sanduku kwa nyuma wakati kwa mbele una maua na minyororo na njumu za shaba. Siku moja alishuka mzungu mmoja mwanamke kutoka kwenye meli ya abiria, akasimama kichochoroni kuupiga picha mlango wetu. Bi Mwenyeji alikuwa kwenye kijidirisha cha kidaraja.

"Mtazame," akaninong'oneza. "Anaupiga picha mlango uliofungwa. Kwao hawafungui?"

Akanituma nikamwite. Yule mama alipanda, amevua viatu mwenyewe bila ya kuambiwa, na hilo lilimpa alama kubwa. Hawakuwa na lugha moja. Bi Mwenyeji akamshika mkono akautia kwenye ukuta, akamfumba macho kwa kiganja chake. Nikaona aibu, nikafikiri mgeni atakasirika. Alikaa vile vile muda mrefu, kisha akasema neno kwa lugha yake, taratibu. Mpaka leo nataka kujua lilikuwa neno gani. Alipewa kahawa na halua, akarudi melini, na picha ya ndani hakupiga hata moja.

Sasa msije mkadhani alikuwa bibi mtakatifu. Alikuwa na ulimi. Mimi nilikuwa "wa shamba" mpaka siku niliyoondoka, na nikimkosea Kiunguja chake kwa neno letu la Makunduchi, alilirudia neno lile kutwa kucha ili nilione. Alikataza umbea kwa aya na hadithi, na hapo hapo sikio lake liko dirishani. Alikuwa mchoyo wa sukari wa kutisha, chai yake ilikuwa adhabu, lakini marashi ya mawaridi alikumwagia mpaka nguo zikaganda mwilini. Alisema redio ni kelele za mashetani; na taarabu ikiimbwa kwa jirani, ukimwangalia mdomo, unaona unakwenda na maneno.

Kubwa kuliko yote ni hili, nalo lilinishughulisha miaka yote ya kukaa naye: mwenyeji huyu wa mji alikuwa haujui mji. Huko chini alipotea kama kuku aliyefunguliwa kamba. Jioni moja tulialikwa harusini karibu na msikiti wa ijumaa, tukavaa mabuibui yetu, tukatoka, na kabla hatujafika mbali na kwetu akasimama.

"Hapa ndipo wapi?"

"Bibi, nyumba yetu ile pale nyuma."

"Muongo. Nyumba yangu haiko hivyo."

Akabisha nyumba ya kwanza aliyoiona, akaomba apandishwe juu, na wenyewe wakamkubalia. Alipofika kwenye sakafu ya juu akaangalia mnara huu, kanisa lile, kamba ya nguo ya Mbohora wake, akavuta pumzi. "Haya," akasema, "nshajua nilipo." Tukafika harusini kwa mapaa, tumejaa vumbi la chokaa, na watu wa harusi hawakushangaa hata kidogo.

Na bado kila siku nikitoka sokoni lazima nimsimulie njia. Nani kakaa barazani, duka gani limepakwa rangi, punda wa nani kachechemea. Nikimuuliza mbona hatoki mchana akaona mwenyewe, alisema, "Nna macho yako."

Katika yote hayo alikuwa na mwenzi mmoja, yule shoga wa upande wa pili wa kidaraja. Walikuwa wameingia katika nyumba hizo wote wawili mabibi harusi, na waume zao wamekufa, na wao wamebaki na kidaraja. Shoga alikuwa mnene, mpole, mcheshi. Aliijua kila nukta ya ukali wa mwenzake na hakuijali. Hawakupigiana hodi. Mmoja akisukuma mlango, mwengine anasogea kwenye mkeka. Kulikuwa na sheria isiyosemwa, ambayo mimi wa shamba nilichelewa kuijua: mtu wa njia ya juu haji kwa njia ya chini. Mlango wa chini ni wa wanaume, wa wauza samaki, wa wageni, na wa habari ya msiba. Mtu wako wa juu akikujia kwa mlango wa chini, amekwambia kwamba wewe kwake sasa ni mtu baki.

Ikaja siasa. Miaka ile ya mwisho mwisho ya hamsini sijui niieleze vipi kwa asiyeiona. Watu waliokula sinia moja waliacha kupeana salamu. Duka la huyu likasusiwa na wale, kisima cha hawa kikakatazwa wengine, na palipofika watu kususiana maziko, nilimwona mume wangu analia, mtu mzima. Mpwa wa Bi Mwenyeji alikuwa katika chama kimoja, mtoto wa kiume wa shoga katika chama cha pili, na wote wawili wakipaza sauti barazani. Huko juu mabibi walikaa kwenye mkeka wao wakachambua mchele. Lakini nilianza kuona Bi Mwenyeji anachambua kimya.

Kwanza ilikuwa ni bibi harusi. Mtoto wa shoga alioa Tanga, harusi ikafanywa huko huko, na mwali akaletwa Unguja kimya kimya, karibu na mwezi wa Ramadhani. Bi Mwenyeji akatandika mkeka mpya. Akasubiri aletewe mwali amtembeze. Hakuletwa. Shoga alivuka kidaraja kama kawaida, akazungumza kama kawaida, na la mwali halitaji. Bi Mwenyeji naye hakuuliza, kwa kuwa hajapata kuomba mgeni maisha yake. Mimi, mkaa chini, ndiye niliyesikia manung'uniko. "Wananificha mkwe. Wanaona nitamtia sumu ya chama."

Ramadhani ikaingia. Siku moja alasiri hodi ikapigwa mlango wa chini. Nikafungua, nikamkuta mwanamke kijana, buibui jipya, ameshika sahani iliyofunikwa kawa. Akasema ni futari kutoka kwa mama mkwe wake, aipeleke kwa jirani. Nikaipandisha. Ulikuwa mkate wa kumimina, bado moto, harufu ya iliki imejaa ngazi nzima.

"Nani kaleta?"

"Mkaza mwana wa shoga yako."

"Kapita wapi?"

"Mlango wa chini, Bibi."

Mkate akautoa akaniambia nikafuturu na mume wangu. Sahani akaiosha mwenyewe, akaifuta mpaka ikakauka, akanipa niirudishe, na niirudishe kwa mlango wa chini vile vile.

"Tupu, Bibi?" nikamuuliza. Kwetu sisi, shamba na mjini, sahani ya jirani hairudi tupu. Hata tende mbili, hata ndimu, utatia.

"Tupu."

Shoga mwenyewe ndiye aliyeipokea. Aliigeuza akaitazama chini na juu. Uso wake mcheshi ukafunga. "Mwambie imefika," akasema.

Toka siku hiyo mkeka wa juu ukawa wa mtu mmoja. Hapakuwa na ugomvi, hapakuwa na neno la kukamata. Palikuwa na milango miwili, huku na kule, na kila mmoja anangoja wa mwenziwe usukumwe. Na bila ya kidaraja Bi Mwenyeji hakuwa na mji. Nyumba zote za Wabohora na Wangazija na paa zote zilikuwa zinaanzia kwa shoga. Wageni walipoletwa aliwaambia magoti yanamsumbua. Alisema hivyo mpaka magoti yakaanza kuuma kweli. Aliacha hata kuniuliza habari za njiani. Nilimwonea huruma, na nilimwonea hasira pia, kwa kuwa dawa ilikuwa karibu mno. Nilijaribu kusema, akanikata: "We utarudi kwenu Makunduchi. Yaache ya wenyewe."

Sikurudi Makunduchi. Mume wangu alihamishiwa Wete, nami nikamfuata. Tulipoagana alinimwagia marashi, akageuza uso.

Nilipopata safari ya kuja Unguja tena, muongo ule ulikuwa unakaribia kwisha. Nilikwenda kwake asubuhi. Nilimkuta ameketi pale pale, mwili umepungua, mkongojo kando yake.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, wa shamba. Umefanya kunenepa." Akanitazama sana. Kisha akasema jambo ambalo sikulitegemea kabisa. "Nitembeze mji."

"Wapi, Bibi?"

"Nje. Njiani. Sasa hivi, jua likiwaka."

"Kuna nini?"

"Hakuna kitu. Nshakuwa mgeni, na mgeni hutembezwa."

Alivaa buibui na makubadhi, tukateremka ngazi polepole. Nilipofungua mlango, mwanga ulimpiga akafunika macho. Halafu akageuka, akautazama mlango wake mwenyewe kwa nje, mchana kweupe, naamini kwa mara ya kwanza. Akapitisha kidole kwenye maua ya nakshi.

"Fundi huyu," akasema, "upande wa kushoto alikuwa na haraka ya kwenda kula."

Nikacheka. Yeye hakucheka. Alikuwa ameshageuka, anautazama mlango wa pili, wa shoga, ng'ambo ya kichochoro. Nikaelewa ni safari gani niliyoombwa. Alivuka amenishika mkono. Alipofika akasimama. Mtu aliyepiga hodi kwa mji mzima, hapo alinigeukia mimi.

"Nipigie," akaniambia.

"Hii siwezi kukupigia, Bibi."

Akapiga mwenyewe.

Alifungua yule mwali wa Tanga, sasa mama, mtoto kiunoni. Tukavua viatu, tukaingia mpaka chini ya ngazi. Akauliza amwambie mama nani kaja.

"Mwambie mgeni."

Shoga aliteremka kwa kishindo chake kizito, akihema. Alipomwona akashika ukuta. Hapana aliyetoa salamu.

"Umepita chini," shoga akasema.

"Nimepita chini. Si ndiyo njia ulonletea mkate?"

"Mkate gani?"

"Wa Ramadhani ile. Umeniletea mlangoni kama unavyompa mwombaji, na shoga mimi."

Shoga akawa hajui analoambiwa, mtu unamwona anatafuta. Ni mwali aliyesema, sauti yake ndogo: "Ni mimi, Bibi. Nilikuwa mgeni. Mama aliniambia nipeleke futari kwa jirani pale, nami nikatoka mlangoni. Hata hiyo njia ya juu sikuwa naijua."

Mtoto akavuta ushungi wa mama yake.

"Na mimi," shoga akasema, "nimeletewa sahani tupu. Nikasema basi, shoga yangu ashashika chama."

"Mimi nishike chama! Mimi, nisiyeijua hata njia ya Darajani!"

"Ndiyo hilo lililoniuma."

"Na mwali hukumleta nimtembeze. Kwa nini?"

"Mimba changa! Akitapika asubuhi mpaka jioni, akisikia harufu ya udi anazimia. Kwako wewe na marashi yako nimlete? Nikasema baada ya Idi, apate nguvu. Na Idi ilipofika..." Hakumaliza.

Bi Mwenyeji aliketi kwenye ngazi. Sikuwahi kumwona analia, na alilia vibaya, kwa hasira, kama anayemgombeza mtu. Shoga akajibanza naye kwenye ngazi ile ile nyembamba, wawili hao hawakutosha.

"Mlango wa juu," shoga akasema, "sijatia komeo hata siku moja."

"Wangu pia."

Wakaangaliana. Muda ule wote, mbao mbili zimesindikwa tu. Nilitaka kuwacheka na nilitaka kuwapiga.

Kisha Bi Mwenyeji akajifuta kwa buibui, akainuka bila ya mkongojo, akamwambia shoga amshike mtoto. Akamkamata mwali mkono.

"Wewe," akamwambia, "umekaa Unguja yote hii hujauona mji. Njoo."

Wakapanda. Nikasikia magoti yake yanalalamika kila ngazi, na sauti yake juu yake: hapa shika ukuta, fumba macho, unasikia nini? Nikasikia mwali anasema hasikii kitu, na Bi Mwenyeji anamwambia basi watakaa hapo hapo. Baada ya muda, mlango wa kidaraja ukalia kwa kutu, na nyayo zikavuka juu ya kichochoro.

Makubadhi yake yalibaki mlangoni kwa shoga. Niliyaokota, nikatoka nayo kichochoroni, nikamrudishia kwake.